Pete ya Moto Ndani ya Mkoba wa Nepi

Jumatatu, 6 Mei

Habari mbaya kabla ya chai. Bosi mpya wa manunuzi ametuita ofisini, mimi na mnunuzi mwenzangu, Kalamu Nne. Huyu bosi tumempa jina Bibi Takwimu, maana hata ukimsalimia anataka kujua mara ngapi. Mwanamke mpole. Hapandishi sauti. Hapo ndipo anapotisha.

Akasema kuanzia wiki hii kompyuta ndiyo itakayoagiza vitu vya kiwanda chetu cha ndoo za plastiki. Kitu kikiisha kabatini, inaona yenyewe, inamwandikia muuzaji yenyewe. Kalamu Nne akauliza, sasa sisi wanunuzi tutakuwa tunafanya nini. Bibi Takwimu akamjibu kwamba hilo ni swali zuri. Sikupenda alivyolisema.

Akaeleza taratibu. Zamani mnunuzi alikuwa mtu wa miguu. Anapewa karatasi, anazunguka madukani, anabishana mpaka koo linakauka, anarudi na mzigo. Hiyo kazi imekwisha. Mnunuzi wa sasa ni mtu wa kuona mbele. Ajue kitakachoharibika kabla hakijaharibika. Na mtu kama huyo, akasema, anatosha mmoja. Mwingine ataenda kufungasha ndoo. Ataamua Ijumaa, baada ya kuona kila mmoja wetu anavyoona mbele.

Kufungasha ni zamu. Wiki moja mchana, wiki moja usiku. Kibogoyo wangu ana miezi minane, hana hata jino la kusingizia, ananyonya saa nne na saa saba, na kituo cha watoto kilicho mkabala na geti kinafungwa saa kumi na moja jioni. Nikienda zamu nani atamlaza? Asiniambie mtu kwamba atazoea. Mimi ndiye sitazoea.

Kalamu Nne ana miaka kumi na minne kazini. Kalamu nne mfukoni: ya bluu, nyeusi, nyekundu, na moja isiyoandika ambayo hajawahi kueleza. Wauzaji wote wa vipuri wanamwita kaka. Mimi nina miaka miwili. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana.

Nyumbani nikamwambia Baba Kibogoyo. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache. Akasema nisijali. Kisha akatoka nje na nikamsikia anaongea na mama yake kwenye simu.

Sasa najali mara mbili.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wazo. Limenijia saa nne kamili, Kibogoyo akiwa titini, ameniangalia kwa yale macho yake kama anayesema mama, ni rahisi tu.

Ni hivi. Mashine namba tatu ndiyo inayotoa ndoo kubwa. Kwenye mtungi wake wa kuyeyushia plastiki kuna pete za moto, yaani bangili za bati zenye nyaya ndani, zinazoupasha mtungi joto. Hizi pete huungua bila taarifa. Ikiungua, mashine inasimama. Vipuri vidogo kama hivi vinakaa kwenye kabati la idara yetu. Funguo mbili tu: wa kwangu na wa Kalamu Nne. Muuzaji yuko mbali, mzigo huchukua siku tano kufika.

Sasa tuseme pete imeungua. Fundi Mkuu anakuja mbio. Kabati tupu. Watu wanashika vichwa. Halafu mimi nainuka polepole, natoa pete kwenye mkoba, nasema nililiona hili mapema. Nani atanipeleka kufungasha baada ya hapo?

Si wizi. Nimelifikiria sana hili. Wizi ni kutoa kitu kiwandani ukakitumia. Mimi nakihamisha tu, kutoka kuona nyuma kwenda kuona mbele.

Saa sita, Kalamu Nne alipotoka, nikafungua kabati. Jana nilihesabu pete mbili, Bibi Takwimu akaziandika. Leo ipo moja. Nikajua Fundi Mkuu keshachukua moja bila karatasi, ndiyo tabia yake. Nikasita. Kuchukua moja na kuacha nyingine ni kitu kimoja, lakini kuchukua ya mwisho ni kitu kingine. Nikasikia viatu kwenye korido.

Nikaichukua.

Iko ndani ya mkoba wa nepi, katikati ya nepi ya tatu na ya nne. Mkoba unakaa kituoni na mtoto, hatua mia mbili kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu. Bibi Takwimu angefurahi.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kuilisha kompyuta. Kalamu Nne anasimama kabatini anasoma idadi, mimi naandika, Bibi Takwimu yuko nyuma yangu ananipumulia shingoni. Skrubu, mia tatu na kumi. Mipira ya kuzuia mafuta, arobaini. Nilijua tunakoelekea. Jasho likaanza kunitambaa mgongoni kama mdudu asiye na haraka.

Pete za moto, akasema. Akainama, akachungulia mpaka ndani kabisa. Nikadhani atageuka aniangalie. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Akasema sifuri, kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Mbona anafurahi? Nimeshinda na swali hilo mchana mzima. Yeye naye angetakiwa kuogopa.

Nikaandika sifuri. Kompyuta ikawa nyekundu. Bibi Takwimu akauliza pete zimekwenda wapi. Tukasema wote pamoja kwamba labda Fundi Mkuu. Ni mara ya kwanza kukubaliana tangu niajiriwe. Hapo hapo kompyuta ikaagiza pete nane, maana ndiyo idadi aliyoiandika Fundi Mkuu kwenye mahitaji yake. Nikataka kumwambia Bibi Takwimu kwamba Fundi hahitaji nane. Anahitaji nne. Ila idara yetu hukata nusu kila kitu, tangu kabla sijazaliwa nadhani. Ukiomba nane unapewa nne. Fundi anajua tunakata, ndiyo maana anazidisha. Sisi tunajua anazidisha, ndiyo maana tunakata. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri tu. Kompyuta haijui kukata. Mgeni kabisa.

Nikanyamaza. Ya Fundi na yawe ya Fundi.

Jioni nimefika nyumbani, mama mkwe yuko kitandani kwangu na mtoto wangu kifuani kwake. Kaja na basi la asubuhi, saa tisa akamchukua mtoto kituoni. Begi lake ni kubwa kuliko safari ya siku tatu. Akanipokea vizuri, akaniambia mwanangu umekonda. Halafu akasema habari za zamu amezisikia, na kwamba hakuna neno, Kibogoyo ataenda kukaa kwake mpaka akue kidogo. Kidogo ni kiasi gani, nikauliza. Akasema mpaka ajue kufunga kamba za viatu.

Baba Kibogoyo alikuwa anaangalia ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi.

Sikula. Mtoto nilimchukua kwa kisingizio cha nepi. Ilikuwa kavu.

Alhamisi, 9 Mei

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu mashine namba tatu imenyamaza. Ukifanya kazi hapa husikii tena kelele za mashine, unasikia zikikosekana. Ofisi nzima iliinua vichwa. Kesho asubuhi linakuja lori kuchukua ndoo elfu mbili za wodi za hospitali, na mia sita bado hazijazaliwa.

Fundi Mkuu akaingia, mafuta mpaka kwenye kope. Pete imeungua, akasema. Bibi Takwimu akamwambia kabati ni tupu, tangu jana.

Nikavuta pumzi ya kuinuka polepole, kama nilivyofanya mazoezi.

Kalamu Nne akainuka kabla yangu. Polepole. Akafungua droo yake ya chini, akatoa pete ya moto, mpya, inang'aa, imeviringishwa kwenye gazeti. Akasema yeye alikuwa ameliona hili mapema.

Maneno yangu. Yale yale. Hata ule upole wa kuinuka.

Ndipo nikaelewa Jumanne, pete moja kabatini. Ndipo nikaelewa tabasamu la jana. Alichukua moja akaacha moja. Alipokuta sifuri akajua Mungu amemfanyia wepesi, kumbe ni mimi. Nikaona begi la mama mkwe. Nikaona viatu vidogo vya kamba.

Fundi Mkuu akaipokea, akaigeuza, akasema ahsante sana kaka, na ya pili iko wapi? Kalamu Nne akauliza ya pili ipi. Fundi akamwambia kwamba pete zile zimepangana mbili mbili. Moja ikifa, ya jirani inabeba mzigo wa wawili na yenyewe inakufa. Zimekufa mbili. Kufunga moja ni sawa na kuvaa kiatu kimoja kwenda harusini.

Kalamu Nne akakaa. Kalamu moja ikamdondoka. Ile isiyoandika.

Nikasikia sauti yangu ikisema ninayo. Bibi Takwimu akanigeukia taratibu sana. Nikasema na mimi niliona mbele. Naileta sasa hivi.

Hatua mia mbili nimezikimbia kwa hatua tisini. Kituoni mlezi akanishangaa. Bibi yake amemchukua saa tatu, akasema, kampeleka kliniki kupimwa uzito. Na mkoba? Mkoba pia, mtoto haendi bila mkoba. Nikapiga simu. Simu ya mama mkwe ikaitikia ndani ya kituo, juu ya rafu ya vikombe. Ameisahau.

Kliniki ni mwendo wa nusu saa. Nimekimbia na viatu mkononi. Nilipopita sokoni watu wakanipisha bila kuuliza, walidhani nina mgonjwa. Njia nzima nasema moyoni isiwe imedondoka, isiwe imedondoka. Sijui nilikuwa nasema pete au mtoto.

Mabenchi matatu ya akina mama. Mama mkwe yuko la mwisho, amekaa kama malkia. Kibogoyo yuko mapajani, mikono yote miwili ameshika pete ya moto ya mashine namba tatu, anaitafuna.

Mama mkwe akaniambia heri umekuja, njoo usikie. Akaigonga ile pete kidogo kwenye ufizi wa mtoto. Ikalia. Kli.

Jino. Dogo kama punje ya chumvi, chini, kushoto.

Nilisimama pale katikati ya mabenchi na viatu mkononi na mashine imesimama na nikalia kama mtu aliyepotelewa. Mama mkwe akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mkwe wake, ana moyo mwepesi.

Kisha akanisifia kwa kununua midoli ya kisasa. Ila ilikuwa na harufu ya duka, akasema, kwa hiyo ameiosha kwa sabuni. Mara mbili. Na zile nyaya mbili amezifunga fundo zisimchome mtoto macho.

Kumpokonya Kibogoyo ile pete ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo. Alinitazama. Akapiga ukelele ambao nadhani Fundi Mkuu aliusikia kiwandani. Nikampa kiatu changu badala yake. Nimerudi na kimoja.

Fundi alipoishika pete, maji yakamtiririkia kwenye kiwiko. Akaniuliza hii nimeitoa stoo au bombani. Akasema umeme na maji havijawahi kupatana na yeye hana mpango wa kuvipatanisha leo. Akaiweka juu ya mtungi wa mashine namba mbili ikauke. Saa nzima. Tulisimama tukaiangalia, mimi, yeye, Kalamu Nne na Bibi Takwimu, kama watu wanaosubiri daktari atoke. Mvuke ulikuwa unanukia sabuni ya mtoto.

Fundo alilolifunga mama mkwe lilichukua dakika kumi na mbili na koleo mbili.

Saa saba kasoro mashine ikanguruma. Sikuwahi kuipenda kelele ile kabla ya leo.

Saa tisa tukaitwa. Bibi Takwimu alikuwa na karatasi moja mbele yake. Akasema Jumatatu pete mbili. Jumatano sifuri. Funguo mbili. Waona mbele wawili, kila mmoja na pete moja. Akauliza kama kuna mtu anayetaka kumsaidia hesabu hiyo.

Kalamu Nne akaanza habari ya kuhifadhi. Akahifadhi, akahifadhi, mpaka akaishiwa.

Mimi nikasema ukweli. Si kwa wema. Nilikuwa nimechoka, nina kiatu kimoja, saa ya kunyonyesha imepita na blauzi imelowa, na nilikuwa nimeona jino. Nikasema nilichukua. Nikasema kwa nini. Nikataja kamba za viatu. Halafu mdomo ukakataa kufunga. Nikamwambia habari yote ya kukata nusu: Fundi na nane zake, watu wa rangi wanaozidisha mara tatu kwa sababu sisi tukiwa na hasira tunakata mara mbili, watu wa makopo wanaoficha gundi chini ya ngazi. Nikamwambia kiwanda hiki hakina idadi moja ya kweli, na kompyuta yake inalishwa uongo kwa kijiko.

Kalamu Nne alinikanyaga chini ya meza. Mguu usio na kiatu.

Bibi Takwimu aliandika. Ni mara ya kwanza kumwona anaandika bila kuuliza. Akasema nendeni.

Ijumaa, 10 Mei

Lori limeondoka na ndoo elfu mbili. Nilizihesabia dirishani.

Hatukuitwa mpaka saa tisa na nusu. Tangu asubuhi nilishapanga nguo za Kibogoyo kichwani, ipi iende, ipi ibaki nipate kuinusa. Mama mkwe alikuwa ameshafunga begi lake.

Bibi Takwimu hakuzunguka. Alisema tulichofanya kingetosha kutuondoa wote wawili, na kwamba amelala akilifikiria hilo. Nikashika kiti. Akasema lakini kompyuta inaweza kuagiza, haiwezi kwenda kumtazama Fundi machoni ikajua kwamba nane yake ni nne. Hiyo ndiyo kazi ya mnunuzi iliyobaki. Na mtu aliyemwambia hivyo ni mmoja tu, ingawa alikuwa na kiatu kimoja.

Kwa hiyo mimi nabaki. Mwezi mmoja wa kuangaliwa. Nizunguke kila idara, nikae na watu, nipate idadi za kweli, ziingie kwenye kompyuta. Hakuna kuzidisha, hakuna kukata. Uongo mmoja tu, akasema, na naenda kufungasha siku hiyo hiyo.

Kalamu Nne hakupelekwa kufungasha. Amepewa stoo. Mchana. Na funguo zote mbili za kabati.

Nikamshukuru Bibi Takwimu mara nne. Alihesabu.

Nyumbani nikasema nimebaki mchana. Baba Kibogoyo akashusha kalenda ya mwaka juzi ukutani, sijui kwa nini, akaikunja vizuri. Mama mkwe akasogeza begi lake pembeni. Akasema basi atarudi Jumapili, ila mtoto sasa ana jino, tutafute jina lingine. Nikamwambia jino moja halimwondolei mtu ubogoyo. Akacheka. Nikamwachia amlaze yeye, leo tu.

Jumatatu, 13 Mei

Mimi ni mtu mpya leo. Nimeamka mapema, nimepiga pasi, daftari jipya, mstari mwekundu katikati: upande huu idadi wanayoomba, upande huu idadi ya kweli.

Mzigo umefika. Pete nane. Fundi Mkuu alizitazama kama mtu aliyeletewa mapacha wanne. Akalalamika kwamba miaka yote anaomba nane anapewa nne, leo amepewa nane, sasa mtu atamwamini nani. Nikamweleza mambo mapya. Sema ukweli, nikamwambia, andika nne, utapata nne. Alinisikiliza kwa makini. Nilijisikia mwalimu.

Saa tano Bibi Takwimu akaniita. Akaniuliza kuzunguka idara zote na kukusanya idadi za kweli kutanichukua siku ngapi.

Nimeshapiga hesabu. Siku kumi.

Nikasema ishirini.

Ilitoka yenyewe. Nilingoja akate nusu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika ishirini, akasema ananiamini.

Nilipata aibu. Kweli kabisa. Nilikuwa nayo kuanzia mlangoni kwake mpaka kwenye ngazi. Halafu nikakumbuka kwamba siku kumi za ziada si haba kwa mtu anayeangaliwa, hasa Kalamu Nne akiwa na funguo zote. Leo asubuhi nimemwona anatabasamu stooni, peke yake. Nalifahamu tabasamu lile. Mtu lazima aone mbele.

Saa saba nilivuka kwenda kunyonyesha. Kibogoyo amening'ata. Jino la pili linakuja, kulia, na tangu Alhamisi hataki kutafuna mpira, wala kijiko, wala kiatu. Analia tu ananyoosha mikono.

Kwenye kabati pete zimeandikwa nane. Nilipoupokea mzigo, kabla hazijafika kwa Kalamu Nne, zilikuwa tisa. Muuzaji ameongeza moja, zawadi ya mteja mzuri. Kompyuta haina habari nayo.

Iko katikati ya nepi ya tatu na ya nne. Nimeiosha mwenyewe.